Bei Iliyoandikwa juu ya Furushi: Swali la Dhamiri

Mama mmoja mshonaji wa Lubumbashi, mjane mwenye watoto wanne, aliweka akiba muda wa miaka 2 ili anunue cherehani ya umeme, ya aina ile ishonayo vitambaa vizito. Katika maduka ya mjini bei ilipita nguvu zake. Ndipo mtoto wa kaka yake alipomwonyesha katika simu duka moja la China, ambako cherehani kama hiyo yauzwa dola 200, na nauli pamoja na bima ni dola 50. Mama akafurahi sana. Lakini kabla ya kupeleka fedha, muuzaji akamwandikia swali: «Tuandike bei gani juu ya furushi? Wateja wengi hupenda tuandike dola 20, na kusema kwamba ni zawadi.»

Kijana akacheka, akasema: «Shangazi, mwambie aandike 20. Wote hufanya hivyo.» Mama hakujibu siku ile. Alilala na swali lake, akaamka nalo.

Swali hilo laulizwa siku hizi katika nyumba nyingi za Kongo. Zamani biashara ya ng'ambo ilikuwa kazi ya makampuni na ya matajiri. Mtu wa kawaida hakuonana na forodha, ile watu waiitayo duane, ila alipovuka mpaka wa Kasumbalesa na mzigo wake kichwani. Leo mwenye simu aweza kununua kitu Guangzhou, Dubai au Ulaya bila kutoka nyumbani. Naye, apende asipende, amekwisha kuwa mwagizaji wa bidhaa mbele ya sheria. Kazi iliyokuwa ya mfanyabiashara imemfikia mshonaji, mwalimu na mwanafunzi, na majaribu ya kazi hiyo yamewafikia pia. Yafaa basi swali la mama huyu litazamwe polepole, bila kumtisha mtu na bila kumbembeleza.

I. Ushuru wa furushi ni nini?

Katika Kongo mambo ya forodha huongozwa na idara iitwayo DGDA, iliyoundwa mwaka 2009 mahali pa ile ya zamani iliyoitwa OFIDA. Idara hiyo hufuata Sheria ya Forodha iliyotolewa mwezi wa Agosti 2010. Kitu kiingiacho hutozwa kwa namna mbili. Kwanza, ushuru wa kuingiza, ambao kwa muda mrefu viwango vyake vikuu vimekuwa 5, 10 na 20 kwa 100, kadiri ya aina ya kitu. Pili, kodi ya thamani iitwayo TVA, iliyoanza tarehe 1 Januari 2012, na kiwango chake cha kawaida ni 16 kwa 100. Huongezwa tena malipo mengine ya huduma.

Wengi hukosea hesabu, kwa kuwa hudhani ushuru hutozwa juu ya bei ya dukani peke yake. Sivyo. Hutozwa juu ya bei iliyolipwa kweli, pamoja na nauli na bima. Kisha TVA hutozwa juu ya jumla hiyo, ushuru wenyewe ukiwa umekwisha kuongezwa. Basi, kama cherehani ya mama yule ikiwekwa katika kiwango cha 10 kwa 100, hesabu ni hii: bei 200 na nauli na bima 50, jumla 250. Ushuru ni 25. TVA ya 16 kwa 100 juu ya 275 ni dola 44. Vyote pamoja ni dola 69.

Na kama muuzaji akiandika dola 20? Jumla ni 70, ushuru ni 7, na TVA juu ya 77 ni dola 12 na senti 32. Vyote pamoja havifiki dola 20. Tofauti ni karibu dola 50. Kwa mjane mwenye watoto wanne, dola 50 ni unga wa majuma mengi. Mwenye kulihukumu jambo hili asisahau hesabu hiyo.

Nchi nyingine husamehe mafurushi madogo, lakini misamaha hiyo hubadilika. Tangu mwaka 2016 Marekani ilisamehe ushuru kwa mafurushi yasiyozidi dola 800. Tarehe 29 Agosti 2025 ikausimamisha msamaha huo kwa nchi zote. Umoja wa Ulaya uliondoa, tarehe 1 Julai 2021, msamaha wa kodi ya thamani kwa vitu visivyozidi euro 22. Basi asikiaye kwa ndugu aliye ng'ambo kwamba furushi dogo halilipi kitu, asidhani kuwa neno hilo ni sheria ya Kongo, wala kwamba huko ng'ambo lingali sheria.

II. Hoja za wasemao kwamba si kosa

Watu wasemao kwamba hakuna kosa si wajinga wote, na hoja zao zastahili kusikilizwa.

Hoja ya kwanza ni ya wenye elimu. Husema: kuna sheria zimfungazo mtu katika dhamiri, na kuna nyingine zisemazo tu, ukikamatwa utalipa faini. Ushuru wa forodha ni wa namna hii ya pili. Asiyekamatwa hana deni. Hoja hii ina historia ndefu. Mwaka 1236 watawa wa Mtakatifu Dominiko waliandika kwamba kanuni zao za kitawa haziwafungi kwa dhambi, bali kwa adhabu tu. Baadaye wataalamu wakauliza kama na sheria za serikali zaweza kuwa hivyo. Francisco Suárez alilijadili jambo hilo katika kitabu chake juu ya sheria cha mwaka 1612, na wengine wakalipeleka hata kwenye ushuru wa mipakani.

Lakini na ijulikane tofauti. Mtawa huingia katika utawa kwa hiari, na kanuni yake hutaja mambo kama saa ya kunyamaza na namna ya kuvaa. Ushuru si jambo la namna hiyo. Ushuru ni fungu la mtu katika gharama za wote. Ikiwa mmoja halipi, gharama haipungui; yamwangukia mwingine. Kwa hiyo Kanisa halikushika hoja ile. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, uliwakemea wazi wakwepao kodi za haki kwa hila. Nayo Katekisimu ya mwaka 1992 huweka kulipa kodi kati ya wajibu wa raia chini ya amri ya nne, na kuikwepa kwa udanganyifu kati ya makosa ya amri ya saba.

Hoja ya pili ni ya wenye uchungu. Husema: serikali yenyewe yaiba, fedha za ushuru zaingia mifukoni, barabara hazipo, kampuni kubwa zapewa misamaha, na mjane atozwa cherehani yake. Kumnyima mwizi si kuiba.

Hoja hii yatoka katika maumivu ya kweli, na mizizi yake ni mirefu. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikataza ushuru wa kuingiza bidhaa katika bonde la Kongo. Miaka 5 baadaye, kule Brussels, mataifa yakakubali utozwe, usizidi 10 kwa 100. Hakuna Mkongo aliyeulizwa mara ya kwanza wala mara ya pili. Na katika miaka ile ile kodi ya mwenyeji wa nchi ilikuwa mpira wa porini, nayo ilidaiwa kwa mjeledi na bunduki. Watu waliojifunza neno kodi kwa namna hiyo, si ajabu wajukuu wao walisikie kama jina la adui.

Hata hivyo hoja yataka kupimwa. Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliuliza kama watawala watwaao mali ya watu kwa nguvu ni wanyang'anyi. Akajibu kwamba wakidai iliyo haki kwa ajili ya faida ya wote, si unyang'anyi, hata wakitumia nguvu. Bali wakidai isiyo haki, ni unyang'anyi kweli, nao wafungwa kurudisha. Jibu hilo lakata pande mbili. Lamhukumu mkubwa alaye fedha za watu, tena kwa ukali. Lakini halisemi kwamba kila kodi ya serikali yenye wezi imekuwa wizi. Karani aibaye katika nyumba hakuifanya nyumba kuwa yake. Hazina ya taifa, hata ikiibiwa, yabaki mali ya taifa. Na amwibiaye aliyekwisha kuibiwa amwongezea hasara, hamwokoi.

Tena si kweli kwamba fedha zote hupotea. Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza elimu ya msingi bila malipo, iliyoahidiwa na Katiba ya mwaka 2006. Shule za misioni zilizo katika mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa zimo katika mpango huo, na walimu wao hulipwa na Hazina. Mishahara huchelewa, walimu wengine hungoja muda mrefu, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini mfuko ulipao, hata kama ni kidogo na kwa kuchelewa, hujazwa na idara tatu kubwa za mapato, na forodha ni mojawapo. Watoto wa mshonaji yule wanasoma katika shule ya namna hiyo. Afichaye ushuru afiche akijua ni mfuko gani anaoutoboa.

Hoja ya tatu ni ya wengi: wote hufanya hivyo, na furushi moja ni kitu kidogo. Kibaba hujaa kwa haba na haba, na hutoboka vivyo hivyo. Neno «wote hufanya» laonyesha ukubwa wa kosa, halilifuti.

III. Mambo matatu yaliyofichwa katika tarakimu moja

Mtu aandikaye 20 mahali pa 200 adhani anatenda jambo moja tu, yaani kupunguza ushuru. Kwa kweli hutenda matatu.

La kwanza ni uongo. Furushi lipelekwalo kwa posta hubandikwa hati ya forodha, iitwayo CN 22 kwa vitu vya thamani ndogo na CN 23 kwa vikubwa zaidi. Na atiaye sahihi athibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Basi hapa kuna ushuhuda wenye sahihi. Hata kama ushuru wenyewe ungekuwa mbaya, ushuhuda wa uongo haugeuki kuwa mwema kwa sababu hiyo. Mtu aweza kuipinga kodi isiyo haki kwa kusema wazi: hii si haki. Asemaye hivyo amesimama mbele ya watu. Adanganyaye kwa siri hakuipinga sheria. Ameiacha iwaangukie wengine, mwenyewe amepita kando. Na neno «zawadi» ni uongo wa pili juu ya wa kwanza, kwa kuwa zawadi ni kitu kitolewacho bure kwa upendo. Ndugu aliye ng'ambo akimtumia mama yake shuka, hiyo ni zawadi, na iandikwe hivyo bila hofu, pamoja na thamani yake. Kitu kilicholipiwa hakiwi zawadi kwa kubandikwa karatasi.

La pili ni madhara kwa jirani. Katika soko yumo mfanyabiashara mwingine, labda mjane naye, aliyeingiza cherehani tatu na kuzilipia ushuru wote. Bei yake ni kubwa kwa sababu alisema kweli. Kila furushi lenye bei ya uongo humwambia mtu huyo: uaminifu wako ni upumbavu. Jambo hili lilionekana hata Ulaya. Sababu mojawapo ya kuondoa msamaha ule wa euro 22 ilikuwa kwamba vitu vya thamani kubwa viliandikwa bei ya chini ili vipite bila kodi, na wenye maduka waliolipa wakashindwa kuuza. Msamaha uliowekwa kwa wema ukafungwa kwa sababu ya uongo wa wengi. Ndivyo iwavyo daima: mwenye hila hula leo, na mwaminifu hulipa kesho.

La tatu ni madhara kwa mwandishi mwenyewe, na hilo huanza na mambo ya mwili. Furushi likipotea njiani, hawezi kudai dola 200 kwa kitu alichotaja kuwa cha dola 20. Forodha ikiona kwamba bei haifanani na kitu, yaweza kulizuia furushi, kuikadiria thamani upya na kutoza faini. Ndipo aliyekimbia dola 50 hupoteza zaidi. Njia ya mwongo ni fupi. Lakini hasara kubwa si hiyo. Hasara kubwa ni kwamba aliyezoea kuandika tarakimu za uongo mahali pasipo na mtu wa kumwona, hana tena nguvu ya kumlaumu mkubwa afanyaye vivyo hivyo kwa mamilioni. Wote wawili wamekubaliana juu ya jambo moja, na kiasi tu kimewatofautisha.

IV. Ushuru na hongo

Iliyo haki kwa Hazina si haki kwa mfuko wa karani. Neno hongo lenyewe lafundisha. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kuja bara ililipa hongo kwa watemi ambao ilipita katika nchi zao. Ilikuwa malipo ya wazi, yenye kujadiliwa mchana mbele ya watu. Leo neno hilo lina maana ya fedha za siri, zile ambazo katika Kongo huitwa matabishi. Malipo yaliyokuwa ya nchi yalishuka yakawa ya mtu.

Basi kipimo ni chepesi. Ushuru una hesabu iliyoandikwa, una kiwango cha sheria, hulipwa mahali palipowekwa, na mlipaji hupewa stakabadhi. Fedha idaiwayo bila karatasi si ushuru. Raia hana deni la kuilipa, naye hufanya vema akiomba hesabu kwa maandishi. Na je, mtu anyimwaye mali yake mpaka atoe kitu? Wataalamu wa maadili hutofautisha anunuaye upendeleo asioustahili na anyang'anywaye ili apate iliyo haki yake. Wa kwanza hushiriki dhambi. Wa pili hudhulumiwa, na dhambi ni ya mdai. Hata hivyo wa pili naye asiharakishe kutoa, kwani kila atoaye mapema humwandalia mwenzake wa nyuma mdai mkali zaidi.

Injili yamjua vizuri mtu wa forodha. Matayo aliitwa akiwa ameketi penye meza ya ushuru kule Kafarnaumu, mji uliokuwa karibu na mpaka, katika njia ya biashara. Watoza ushuru walipomwuliza Yohane Mbatizaji la kufanya, hakuwaambia waache kazi. Aliwaambia wasidai kupita kiasi kilichoamriwa. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne kwa aliowadhulumu. Na Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Waroma, alitaja kodi na ushuru kati ya madeni ya kumpa kila mtu anayestahili. Walipaji na watozaji wote wamo katika neno hilo. Anayemkumbusha mjane ushuru wake na kunyamaza juu ya karani amefundisha nusu.

V. Wakala na bei ya kilo

Yuko asemaye: mimi siandiki bei yo yote, nampa wakala kitu changu kule Guangzhou au Dubai, naye hukileta pamoja na vya wengine kwa bei ya kilo, duane ikiwa ndani. Dhambi, kama ipo, ni yake.

Hapa yafaa kutumia akili. Kukusanya mizigo ya watu wengi ni kazi halali, na wakala mwaminifu aweza kupunguza gharama kweli. Mnunuzi si mlinzi wa kila karatasi ya wakala. Akiuliza kwa nia njema, na akijibiwa kwamba ushuru walipwa, dhamiri yake imetulia. Lakini kuna hesabu isiyohitaji shule kubwa. Mtu akinunua simu ya dola 300, TVA peke yake yazidi dola 48. Simu hiyo haifiki uzito wa kilo moja. Kama wakala aomba dola 15 kwa kilo, nauli na duane ndani, fedha hizo hazitoshi hata kwa sehemu ya tatu ya TVA. Mnunuzi ajuaye hayo, kisha asiulize ili asijue, hakubaki nje ya jambo. Kutojua kunakotafutwa ni namna ya kujua.

Asidhani pia kwamba sheria yadai azidishe mzigo wake. Hakuna kosa katika kuuliza kiwango kabla ya kuagiza, kutafuta muuzaji wa bei nafuu, kutumia msamaha ambao sheria yenyewe yautoa, wala kulinganisha mawakala. Mwenye kupita mlango ulio wazi hakuvunja ukuta. Kosa huanza pale karatasi isemapo jambo ambalo mwenye karatasi ajua si kweli.

VI. Aliyekwisha kufanya

Wengi wasomao hayo watakumbuka furushi la mwaka jana. Mafundisho ya zamani juu ya malipizi yangali mazuri. Kosa juu ya mali lataka toba na kurudisha, kadiri ya uwezo. Aliyekosa bila kujua sheria, na leo amejua, aanze leo. Aliyejua, na aweza kulipa mahali panapofaa kwa stakabadhi, na alipe. Na kama hakuna njia ya kweli ya kuifikisha fedha katika Hazina, desturi ya wafundisha maadili ni kwamba mali isiyoweza kumrudia mwenyewe hutolewa kwa maskini, au kwa kazi ya faida ya watu wote. Dawati la shule au bomba la maji la mtaa vyaweza kuwa malipizi ya haki. Na aliye maskini kabisa halazimishwi kuwanyima watoto wake chakula. Alipe kidogo kidogo, au angoje siku ya uwezo. Asiharakishe tu kujihesabu kuwa maskini huyo.

VII. Furushi la mama

Siku ya tatu mama mshonaji alimwandikia muuzaji: «Andika 200.» Mtoto wa kaka yake akanyamaza. Jirani aliposikia alicheka, akasema kwamba mama amewapa wezi dola 50.

Cherehani ilifika. Karani mmoja akamwambia: «Mama, toa kitu kidogo, utoke nayo leo.» Mama akaomba hesabu kwa maandishi. Akaambiwa arudi kesho, na kesho yake tena kesho. Siku 9 zikapita, na katika siku hizo kazi ya kushona sare za kwaya ikaenda kwa mshonaji mwingine. Mwishoni akapewa hesabu, akalipa dola 69 pamoja na malipo ya huduma, akapokea stakabadhi, akaikunja na kuiweka katika kitabu chake cha sala. Hakuna aliyemsifu, na dola 50 hazikurudi kwa njia yo yote.

Walipofungua sanduku nyumbani, mtoto wake wa darasa la 5, ambaye hujivunia kusoma kila kitu, alisoma karatasi iliyobandikwa juu: jina la mama, jina la kitu, na bei. Akauliza: «Mama, ndiyo bei yake kweli?»

Mama akajibu: «Ndiyo.» Kisha akatafuta mkasi.

Maswali ya kujifunza

Swali: Je, ushuru wa forodha ni deni katika dhamiri?
Jibu: Ndiyo, ushuru wa haki ni deni, kwa kuwa ni fungu la kila mtu katika gharama za wote.

Swali: Uovu wa wakubwa wafuta deni hilo?
Jibu: Haulifuti. Wazidisha hatia ya wakubwa, na wampa raia haki ya kudai wazi hesabu na marekebisho.

Swali: Yaruhusiwa kuandika bei ya uongo ili kukwepa ushuru usio haki?
Jibu: Hapana. Ushuru usio haki hupingwa kwa kweli. Uongo hauponyi udhalimu.

Swali: Karani akidai fedha bila stakabadhi, raia afanye nini?
Jibu: Aombe hesabu kwa maandishi. Fedha isiyo na karatasi si ushuru, naye hana deni lake.

Swali: Amwachiaye wakala mambo yote ana hatia?
Jibu: Hana, ikiwa aliuliza kwa nia njema. Anayo, ikiwa alikataa kuuliza kwa sababu alijua jibu.